Maneno ya Kiingereza ya utupu na tofauti zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Je, ni kweli kwamba Kiingereza kina maneno mengi ya utupu ilhali Kiswahili kina moja tu?

Si kweli, ingawa ni rahisi kuelewa kwa nini watu husema hivyo. Mwanafunzi anayetafuta "empty", "blank", "bare" na "void" huenda akakuta kila moja limetafsiriwa "tupu", akahitimisha kwamba yote manne yana maana moja. Hata hivyo Kiswahili nacho kina "wazi", "bure", "batili", "ukiwa", "ombwe", "pengo", "uvungu" na "mahame", na kila moja lina mahali pake ambapo "tupu" haliwezi kuingia. Lugha hizi mbili zimegawa uwanja uleule kwa mipaka isiyolingana, na hapo ndipo makosa ya tafsiri huzaliwa.

Wingi wa maneno ya Kiingereza una historia yake. "Empty", "hollow" na "bare" ni ya Kiingereza cha kale. "Void", "vacant", "vain" na "blank" yaliingia kwa njia ya Kifaransa katika karne zilizofuata uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, na "vacuum" na "vacuous" yalichukuliwa na wasomi moja kwa moja kutoka Kilatini katika karne za 16 na 17. Maneno hayo yalipokutana hayakuuana, yaligawana kazi.

Mgawanyo huo una kanuni moja ambayo tutairejea katika majibu yote: kila neno la Kiingereza la utupu hubeba dai la kimyakimya kuhusu kitu kilichotarajiwa kuwapo. Kabla ya kuchagua neno, jiulize ni nini kinachokosekana: kilichomo, mkaaji, maandishi, kiini, nguvu ya kisheria, au hewa.

"Empty" na "vacant" zinatofautianaje?

"Empty" huangalia kilichomo ndani, na "vacant" huangalia anayestahili kukaa. Kwa hiyo chupa, mfuko, tangi na tumbo huwa "empty", wala haviwi "vacant" hata siku moja, kwa kuwa hakuna mtu anayehamia ndani ya chupa. Kiti kinaweza kuwa vyote viwili, na hapo tofauti huonekana vizuri. Basi likisimama Chalinze, na abiria akashuka kununua maji huku mkoba wake ukibaki chini ya kiti, kiti chake ni "empty" kwa dakika hizo, lakini si "vacant", kwa sababu kina mwenyewe. Anayepanda na kukikalia atajibiwa ipasavyo.

Upande wa pili, ofisi inaweza kuwa "vacant" ikiwa imejaa meza, majalada na hata watumishi. Katiba ya Tanzania, ibara ya 37, inaeleza nini kifanyike endapo kiti cha Rais kitakuwa wazi, na toleo lake la Kiingereza linatumia "vacant". Ndiyo ibara iliyotumika Rais John Magufuli alipofariki dunia Machi 2021, na Makamu wake, Samia Suluhu Hassan, akaapishwa tarehe 19 mwezi huo. Hakuna Mwingereza ambaye angeandika hapo "empty", kwani kinachozungumziwa ni cheo kisicho na mshikaji.

Angalia kwamba Kiswahili hapa hakikutumia "tupu" bali "wazi", kama tunavyosema nafasi ya kazi iko wazi. Kwa hiyo kanuni ya haraka, ambayo si kamilifu lakini inasaidia, ni kwamba pale unaposema "wazi" kwa maana ya kumngoja mtu, Kiingereza husema "vacant". Ndilo neno linaloandikwa pia kwenye kufuli la mlango wa choo cha ndege. Kuandika "empty posts" katika tangazo la kazi ni kosa linaloonekana mara nyingi. Jina lake ni "vacancies".

Kuna jambo la kushangaza katika asili ya "empty". Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "æmettig", bila "p", likitokana na neno lililomaanisha faragha au muda wa mapumziko, na liliweza kumwelezea mtu asiye na shughuli, hata asiye na ndoa. Yaani lilianza na mtu mwenye nafasi, ndipo likahamia kwenye vyombo. Herufi "p" ilijipenyeza baadaye kwa sababu ya matamshi.

Katika mkataba wa bima nimeona "vacant" na "unoccupied" zikitajwa mbalimbali. Je, si kitu kimoja?

Katika mazungumzo ya kawaida hukaribiana sana, lakini katika bima za nyumba za Marekani hutenganishwa, na tofauti hiyo ina gharama. Nyumba ni "unoccupied" wenyewe wakiwa wamesafiri huku vitanda, sahani na nguo vikiwa ndani. Ni "vacant" ikiwa haina watu wala vyombo. Mikataba mingi ya huko huacha kulipia uharibifu wa makusudi endapo nyumba imekuwa "vacant" kwa zaidi ya siku 60 mfululizo. Aliyehamisha fanicha zote kabla ya kuuza nyumba na asome kifungu hicho kwa makini.

"Blank" hutumika wakati gani?

Hutumika pale kinachokosekana kinapokuwa maandishi, alama, picha au sauti. Asili yake ni neno la Kifaransa lenye maana ya nyeupe, na mpaka leo "blank" huhitaji uso wa kitu unaongoja kuandikwa. Karatasi ni "blank", fomu ni "blank", skrini ya televisheni ni "blank". Sanduku haliwi "blank" hata kama halina chochote ndani. Maelekezo ambayo kila mwanafunzi wa shule ya msingi ameyakuta kwenye mtihani, "jaza nafasi zilizoachwa wazi", kwa Kiingereza ni "fill in the blanks", na Kiswahili kimetumia tena "wazi" kwa sababu ileile ya kungojea.

"Blank cheque" ni hundi iliyotiwa saini bila kuandikwa kiasi. Haijakosa kila kitu. Imekosa jambo moja tu, nalo ndilo la hatari. Wanasiasa wakalichukua neno hilo kumaanisha ruhusa isiyo na mipaka. Vivyo hivyo "blank verse" katika ushairi wa Kiingereza haimaanishi shairi lisilo na kitu, wala si sawa na mashairi huru yaliyozua ubishi mkubwa katika ushairi wa Kiswahili tangu miaka ya 1970. Ni shairi linalofuata mizani kikamilifu ila halina vina. Mfasiri akiandika "shairi tupu" atakuwa amelikosea heshima.

Mtu mwenye "blank look" ana tofauti gani na mwenye "vacant look"?

Wa kwanza hajaelewa, au ameuficha uso wake usisomeke: umemuuliza swali, naye anakutazama pasipo dalili yoyote usoni. Wa pili ni kama ametoka na kuacha macho nyuma. Akili yake haipo hapo, kwa uchovu, kwa ugonjwa au kwa mawazo ya mbali. "Empty eyes" ni jambo zito zaidi, kwani huashiria huzuni iliyomaliza kila hisia. Tahadhari moja tu: "macho makavu" ya Kiswahili hayaingii katika orodha hii hata kidogo, kwa kuwa mwenye macho makavu ni mtu asiye na haya.

Kwa nini ahadi huwa "empty" lakini ushindi huwa "hollow"?

"Hollow" linahusu umbo. Kitu ni "hollow" kikiwa na ganda la nje na nafasi ndani, kama mwanzi, kama mbuyu mzee ulioliwa moyo, kama tofali la saruji lenye matundu. Chungu ni "hollow" siku zote, kwani ndivyo kilivyofinyangwa, lakini si "empty" siku zote. Kikijaa mafuta bado ni "hollow". Ndiyo maana methali yetu ya debe tupu lisiloacha kuvuma ina ndugu yake wa Kiingereza anayezungumza juu ya "empty vessels", si "hollow vessels": lawama iko kwenye kukosa kilichomo.

Kutokana na umbo hilo, "hollow" limekuja kumaanisha kitu ambacho nje yake inaridhisha huku ndani hakuna kiini. Ushindi ni "hollow" kwa sababu kombe lipo, sherehe zipo, matokeo yamesajiliwa, ila thamani haipo, labda kwa kuwa mpinzani hakufika uwanjani. Kicheko ni "hollow" kikiwa na mlio wa kicheko bila furaha. Ahadi inaweza kuitwa kwa maneno yote mawili, na tofauti ni ndogo lakini ipo: "empty promise" ni ahadi ambayo haitatimizwa, na "hollow promise" ni ahadi ambayo ukiisikiliza vizuri unasikia kwamba mtoaji mwenyewe haiamini. Kitisho huwa "empty" tu kwa kawaida. Sioni sababu ya kimantiki ya jambo hilo. Ni mazoea ya wenye lugha, nasi hatuna budi kuyafuata.

"Void" ni tupu, au ni batili?

Ni vyote, kulingana na mahali. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, mwanzoni mwa kitabu cha Mwanzo, dunia ilikuwa "without form, and void". Wafasiri wa Kiswahili wakaandika kwamba nchi ilikuwa "ukiwa, tena utupu". Huo ndio utupu mkubwa, usio na kingo wala chombo cha kuuzunguka, na ndiyo sababu "void" hutumika pia kwa anga za mbali na kwa pengo linaloachwa na marehemu.

Katika sheria neno hilo hubadilika kabisa. Kinachokosekana hapo ni nguvu ya kisheria, na Kiswahili husema "batili". Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitangaza matokeo ya uchaguzi wa urais wa Agosti 8 kuwa "invalid, null and void". Karatasi za kura zilikuwapo, fomu zilikuwapo, tangazo lilikuwa limesomwa mbele ya dunia nzima. Kilichoondolewa ni athari yake kisheria. Kurundika maneno yanayokaribiana namna hiyo ni desturi ya zamani ya wanasheria wa Kiingereza, na mfasiri halazimiki kutafuta neno la Kiswahili kwa kila moja.

Anachopaswa kuchunga ni tofauti ya "void" na "voidable". Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inatoa mfano mzuri kuliko yote ninayoijua. Ndoa kati ya watu wa damu waliokatazwa kuoana ni "void": haikuwahi kuwa ndoa, hata kama pilau lililiwa. Ndoa ambayo mmoja wa wahusika hakuwa na uwezo wa tendo la ndoa ni "voidable": ni ndoa halali kwa kila hali mpaka mahakama itakapoitengua kwa ombi la mhusika, na kama hakuna anayelalamika, itaendelea kuwa halali. Kutafsiri zote mbili kwa "batili" ni kuwavua watu ndoa ambayo bado wanayo. Heri kuandika "inayoweza kubatilishwa" hata kama ni ndefu.

Je, "vacuum" ni "void" ya wanasayansi?

Kwa kiasi fulani. "Vacuum" ni nafasi ambayo hewa na mata nyingine zimeondolewa, na Kiswahili cha sayansi huiita ombwe. Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya walishikilia kwamba haiwezi kuwapo, mpaka mwaka 1643 Evangelista Torricelli alipotumia mrija wa zebaki na kuonyesha nafasi iliyobaki juu yake. Zaidi ya miaka kumi baadaye Otto von Guericke wa Magdeburg aliunganisha nusu mbili za tufe la shaba, akanyonya hewa ndani yake, na farasi waliofungwa pande zote mbili wakashindwa kuzitenganisha. Themosi ya chai ni ombwe pia, kati ya kuta mbili, kwa ubunifu wa James Dewar wa mwaka 1892.

Tabia ya kuvuta ndiyo inayolitofautisha neno hili. "Void" limetulia, lakini "vacuum" hunyonya, na kitu fulani kitaingia tu. Kwa hiyo Somalia baada ya kuanguka kwa Siad Barre mwaka 1991 hutajwa kuwa na "power vacuum", na vyombo vya habari vya Kiswahili husema ombwe la uongozi, vikiwa na maana kwamba makundi yalikimbilia kulijaza.

"Vain" na "vacuous" yanahusianaje na utupu?

"Vain" linatokana na Kilatini "vanus", kitu kisicho na uzito wala matunda. Leo mtu akiitwa "vain" ana majivuno juu ya sura yake, lakini maana ya zamani imebaki katika "in vain", ambayo kwetu ni "bure", kama katika amri ya kutolitaja bure jina la Mungu. "Vanity" ya Mhubiri ndiyo iliyotafsiriwa "ubatili mtupu", na huo ni ufundi wa kutosha.

"Vacuous" ni tusi la wasomi kwa hotuba au mtu asiye na fikra. Katika mantiki, hata hivyo, halina ubaya: ukisema kwamba simba wote waliomo jikoni mwako huvaa miwani, na jikoni hamna simba, umesema kweli, kwa kuwa hakuna hata mmoja anayeweza kukukanusha. Kweli ya namna hiyo huitwa "vacuous".

Je, naweza kutafsiri "tupu" kwa "empty" kila mara?

Hapana, na pengine hili ndilo swali lenye faida kubwa kuliko yote kwa anayeandika Kiingereza huku akifikiri kwa Kiswahili. Chukua "mikono mitupu". Aliyekwenda kudai deni akarudi mikono mitupu amerudi "empty-handed", lakini aliyemkamata chatu kwa mikono mitupu amemkamata "with his bare hands", maana kilichokosekana si faida bali silaha au kinga. "Miguu mitupu" ni "barefoot" pekee. "Bare" hudai kwamba kuna kifuniko kilichotarajiwa: nguo, kiatu, zulia, majani ya mti, rangi ya ukuta.

Kisha kuna "tupu" yenye maana ya kutochanganywa na kitu kingine. Wali mtupu hauwi "empty rice". Ni "plain rice", wali usio na mchuzi wala maharage. "Uongo mtupu" si "empty lies", kwa sababu uongo huo umejaa pomoni. Ni "sheer lies" au "nothing but lies". Darasa la wavulana watupu ni "an all-boys class", na mtu akiandika "empty boys" atazua mjadala usiohusiana na shule. Katika matumizi haya Kiswahili huona utupu pale kisichotakiwa kinapokosekana, na Kiingereza huona ukamilifu wa kilichopo.

Mahali pasipo na watu huitwaje?

Inategemea kama watu waliwahi kuwapo. "Deserted" ni mahali palipohamwa, na Kiswahili kina neno zuri la mahame. Mji wa Gedi karibu na Malindi, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024, ni "deserted". "Desolate" huongeza huzuni, na ukiwa ndiyo tafsiri yake. "Barren" ni ardhi isiyozaa, kama ambavyo mtu au mnyama asiyezaa huitwa tasa. Jangwa kuu la Arabuni linaloenea hadi Oman, Rub al-Khali, huitwa kwa Kiingereza "the Empty Quarter", jina ambalo Wabedui wanaolipita na ngamia wao wana haki ya kulitilia shaka.

Maneno haya hayakukaa vitabuni tu. Mwaka 1899 wanasheria wa Serikali ya Uingereza walishauri kwamba katika nchi lindwa za aina ya Afrika Mashariki, Taji, yaani utawala wa kifalme wa Uingereza, lilikuwa na mamlaka juu ya ardhi iliyokuwa "waste and unoccupied". Sheria ya Ardhi za Taji ya mwaka 1902 ikaruhusu kuziuza au kuzikodisha kwa hadi miaka 99, na vijiji vilivyomo ndani ya eneo lililokodishwa vililindwa kwa muda ule tu ambao watu walikuwa wakivikalia kwa hakika. Wakihama, ardhi ilimwendea mpangaji. Kwa wafugaji wanaofuata malisho, nyanda ambazo msimu huu hazina mifugo si "unoccupied", zinapumzishwa. Hakuna neno lolote katika sheria ile lililotambua hali hiyo ya tatu, na Wamaasai waliondolewa katika sehemu kubwa ya Bonde la Ufa kwa makubaliano ya mwaka 1904.

Katika kompyuta, "null", "empty", "blank" na "zero" ni sawa?

Sivyo, na anayezichanganya hupata hesabu za uongo. "Zero" ni idadi inayojulikana. "Empty" ni chombo kilichopo ambacho hakina kitu, kama seti tupu ya hisabati, ambayo alama yake ∅ ilichukuliwa na mwanahisabati André Weil kutoka herufi ya Kinorwe mwaka 1939. "Null" humaanisha kwamba hakuna thamani iliyowekwa. Mteja ambaye deni lake ni "zero" amelipa; ambaye deni lake ni "null" hatujui anadaiwa nini. Tony Hoare, aliyeingiza "null" katika lugha ya programu mwaka 1965, baadaye aliliita kosa lake la dola bilioni moja. Katika Excel nako, seli inayoonekana "blank" huenda ina fomula inayorudisha maandishi matupu, na hapo ISBLANK, amri inayouliza kama seli haina kitu, itajibu FALSE, yaani si kweli.

Kuhusu "zero" lenyewe, wasomaji wa Kiswahili hawana haja ya kujifunza upya. Neno la Kiarabu "sifr", lenye maana ya tupu, ndilo lililotupa "sifuri", na ndilo Leonardo wa Pisa alilolilatinisha kuwa "zephirum" mwaka 1202, likaja kuwa "zero". "Cipher" pia ni tawi la shina hilohilo. "Nil" halimo katika ukoo huo. Ni la Kilatini, na Waingereza hulitumia zaidi kwenye matokeo ya mpira, pale sisi tunaposema mbili bila.

Na vitenzi je?

"To empty" ni kumwaga au kutoa vilivyomo. "To vacate" ni kuhama ukiacha nafasi kwa mwingine, na amri ikifanyiwa hivyo na mahakama, imetenguliwa. "To evacuate" ni kuwaondoa watu hatarini. Huhamishwa watu, au jengo, lakini madaktari bado hulitumia kwa tumbo. "To void" ni kubatilisha, mfano hundi au stakabadhi iliyoandikwa vibaya. Kuhusu "avoid", ambalo leo ni kuepuka tu, lilianza kwa maana ya kuondoa vilivyomo au kuondoka mahali, na katika maandishi ya wanasheria bado unaweza kukuta mkataba ambao upande mmoja una haki ya "to avoid", yaani kuubatilisha. Anayeusoma kama kuukwepa mkataba atakuwa ameelewa kinyume.